Darubini Iliyowekwa Kando: Mintarafu ya Homa za Kupe, Papasi na Viroboto

Katika zahanati za Namtumbo, mashariki ya Songea katika njia iendayo Tunduru, mgonjwa wa homa aghalabu huchomwa kidole na damu yake ikatiwa katika kipimo cha haraka cha malaria. Kikisema hana, hupewa amoksilini akaenda zake, kana kwamba swali limekwisha jibiwa. Nadai kwamba hapo ndipo swali lilipopasa kuanza, na ya kuwa kipimo hicho, ambacho hapana mwenye insafu awezaye kukanusha manufaa yake, kimetupokonya kitu tulichokuwa nacho.

Kitu hicho ni darubini. Kijidudu cha homa ya papasi, Borrelia duttonii, kilichopewa jina la Joseph Dutton, tabibu Mwingereza aliyefishwa na maradhi yayo hayo huko Kongo mwaka 1905, huonekana wakati wa homa katika damu ile ile iliyotiwa rangi ili kutafutwa malaria, hata mpimaji aliyemwinda adui mmoja akamkuta na wa pili pasipo gharama nyingine. Kipimo cha haraka hakimwoni. Wala si adui wa kudharauliwa, kwani mkoani Dodoma, hususan Mvumi, maradhi haya ni maarufu, na juu ya wajawazito na watoto wachanga ni makali mno. Tetrasaiklini huyaponya, na mja mzito hupewa erithromaisini. Lakini saa chache baada ya dozi ya kwanza homa huweza kupanda ghafula na mishipa ikalegea, kwa hiyo mgonjwa asiruhusiwe kwenda nyumbani upesi.

Homa za rickettsia, zitokazo kwa kupe wa porini na viroboto wa panya, ni fumbo gumu zaidi, maana darubini ya zahanati haizifichui. Huko Moshi, katika wagonjwa 870 wa homa waliolazwa mwaka 2007 na 2008, 528 walidhaniwa wana malaria, ilhali waliokuwa nayo kwa hakika walikuwa 14 tu. Na miongoni mwa waliobaki rickettsia ilionekana si haba. Amoksilini haizidhuru kabisa. Dawa yake ni doksisaiklini, na dalili yake, ikiwapo, ni kidonda kidogo cheusi palipoumwa, ambacho tabibu hakioni asipomvua mgonjwa nguo.

Ama kinga, hiyo imo nyumbani. Papasi hujificha katika nyufa za sakafu na kuta za udongo, hutoka usiku akanyonya, kisha hurejea mafichoni, ambako huweza kukaa miaka bila chakula. Na jike humrithisha mwanawe vijidudu katika yai, kama Robert Koch alivyobaini katika nchi hii hii mwaka 1905. Kuziba nyufa hufaa, lakini sakafu ya saruji hufaa zaidi, na ni ajabu kwamba tunaihesabu saruji kuwa anasa. Viroboto nao wana kanuni yao, iliyo muhimu zaidi penye tauni kama ile iliyozuka Lushoto mwaka 1980: watiliwe dawa wao kwanza, ndipo panya wauawe, kwa sababu kiroboto aliyefiwa na panya wake humrukia binadamu aliye karibu.