Handaki Lisilochimbwa: Historia Fupi ya Istilahi na Hitilafu Zake

Miongoni mwa istilahi za mitandao ya kompyuta zinazomtaka mfasiri atue kalamu kwanza, imo ile ya njia iunganishayo ruta mbili zilizo mbali, ili pakiti za itifaki moja zipite juu ya itifaki nyingine. Wenye lugha ya Kiingereza walilichukua jina la kitu hicho kwa wahandisi wa reli na migodi. Mfasiri wetu hujikuta akichagua baina ya tuneli na handaki. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba uchaguzi huo si shauri la masikio tu. Hitilafu kubwa za njia hizo hutokana na sifa ambazo handaki la kweli halina, na fundi aliyefundishwa kwa neno hilo peke yake huzitafuta mahali pasipo pake.

Tuanze na neno lenyewe. Handaki limetujia kutoka Kiarabu, ambako maana yake ni mfereji uliochimbwa kuuzunguka mji au ngome kwa ulinzi. Handaki la askari halina paa. Hata hivyo maana imekwisha kupanuka, na msafiri wa TAZARA, reli iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, husema bila kusita kuwa amepita mahandakini baina ya Mlimba na Makambako. Hatuna ugomvi na upanuzi huo. Handaki la reli huutoboa mlima na kuifupisha safari kweli kweli. Handaki la mtandao halifupishi kitu: pakiti hupita nyaya zile zile na ruta zile zile.

Katika miaka ya 1980 ofisi za Ulaya na Marekani zilikuwa na itifaki nyingi zisizosikilizana. Kompyuta za Apple zilizungumza AppleTalk, mitambo ya Digital ilizungumza DECnet, na ofisi zilizotumia NetWare ya kampuni ya Novell zilikuwa na IPX, itifaki iliyotokana na kazi ya kampuni ya Xerox. ARPANET nayo ilikuwa imehamia IP tangu tarehe 1 Januari 1983. Ikawa kwamba tawi la huku na tawi la kule yote yanazungumza IPX, lakini mtandao uliokuwa katikati ulielewa IP tu. Mwezi Juni 1991 ulitolewa waraka wa intaneti nambari 1234 ulioeleza jinsi ya kuipitisha IPX ndani ya IP. Oktoba 1994, katika waraka nambari 1701, Hanks, Li, Farinacci na Traina walieleza utaratibu uitwao GRE, ambao ungeweza kubeba itifaki yoyote ndani ya nyingine badala ya kila jozi kutungiwa kanuni yake. Utaratibu huo ulirahisishwa Machi 2000 kwa waraka nambari 2784.

Kinachotendeka ni hiki. Ruta ya kwanza huichukua pakiti ya IPX nzima, pamoja na anwani zake, huitia ndani ya bahasha ya IP, na juu ya bahasha huandika anwani ya ruta ya pili. Ruta za katikati husoma bahasha ya nje tu. Ya pili huifungua na kuitoa pakiti kama ilivyokuwa. Hapana tundu lililotobolewa popote.

Sasa tuzitazame hitilafu. Ya kwanza ni uzito wa bahasha. Kichwa cha IP kina baiti 20 na kile cha GRE hakipungui baiti 4. Kwa hiyo katika waya wa Ethernet upitishao pakiti za baiti 1500, mzigo wenyewe haupaswi kuzidi baiti 1476. Asiyelijua hilo huona mambo ya ajabu: pakiti ndogo za majaribio hupita, mafaili makubwa hukwama. Mwandishi wa waraka wa 1991 alilitambua jambo hili mapema: pakiti ya kawaida ya IPX ya baiti 576, ikiongezewa vichwa vyake, ilifika baiti 604, ilhali kanuni za IP ziliilazimisha kila kompyuta kupokea 576 tu.

Ya pili hutokana na kufichwa kwa safari. Itifaki ya njia ihesabuyo vituo huiona njia hii yote kuwa kituo kimoja, hata kama chini yake mna ruta kumi, na aghalabu huipendelea kuliko waya halisi ulio bora. Hapa neno handaki linapotosha hasa, kwani msomaji hudhani kweli kuna njia ya mkato.

Ya tatu ndiyo yenye mafunzo zaidi. Kwa IPX peke yake haizuki, maana mzigo na mchukuzi ni wa aina mbili. Huzuka siku mhandisi anapoamua kuipitisha IP nayo katika njia ile ile. Ruta husikia, kupitia bahasha, habari kwamba njia bora ya kuufikia mwisho wa pili ni kupitia bahasha hiyo hiyo. Hapo hujaribu kuitia bahasha ndani yake yenyewe! Hugundua, huifunga njia, na kwa kuifunga husahau habari ile mbaya. Kwa kusahau huifungua tena, na mzunguko huanza upya kila baada ya muda mfupi. Dawa ni kuiandikia ruta kwa mkono njia ya kuufikia mwisho huo kwa waya halisi, au kuzizuia habari hizo zisipite. Waraka wa 1994 uliweka hata nafasi ya kuhesabu mara ambazo pakiti ingeruhusiwa kufungwa tena. Ule wa 2000 uliiondoa.

Kwa hiyo rai yetu ni hii. Tuneli ibaki kuwa jina la kitu, kwa kuwa haimwahidi msomaji mlima uliotobolewa. Lakini vitenzi vya maelezo viwe kufungia na kufungua. Itifaki ya nje iitwe itifaki chukuzi, kwa kumbukumbu ya wachukuzi wa misafara, na ya ndani iitwe itifaki mzigo. Mwalimu akisema kwamba itifaki chukuzi imejibebesha yenyewe, mwanafunzi huiona hitilafu ya tatu bila mchoro.

Mizigo ya zamani imepungua. NetWare 5 ya 1998 iliweza kufanya kazi kwa IP bila IPX, na Apple iliiacha AppleTalk katika mfumo wake wa 2009. Bahasha hazikuondoka. IPv6 ikifungiwa ndani ya IPv4 huchukua baiti 20 za kichwa, na mzigo hubaki baiti 1480.