Mbwa na Mwanadamu: Suhuba ya Tangu Zamani

Ndugu msomaji, siku moja baada ya darsa ya alasiri niliwakuta watoto wa chuoni wamemzunguka mbwa mgonjwa penye kona ya ukuta, wakimpopoa kwa mawe. Nilipowakemea, mmoja wao akanijibu kwa adabu: "Lakini maalim, si najisi huyu?" Jawabu hilo lilinikaa moyoni, kwani sisi wakubwa ndio tuliomfundisha nusu ya maneno, na nusu tukaiacha. Basi na tuitazame kidogo tarikhi ya mnyama huyu.

Wataalamu wamekubaliana kwamba asili ya mbwa ni mbwa mwitu wa kijivu wa nchi za Ulaya na Asia, si yule mwenye madoa wa nyika zetu. Wanadamu wa zama hizo walikuwa wawindaji, hawajui jembe wala zizi. Wako wasemao kwamba mbwa mwitu wasio wakali sana walizoea kufuata mabaki ya nyama kandokando ya kambi. Wengine husema watu waliokota watoto wao wakawalea. Vyovyote iwavyo, halikuwa jambo la siku moja. Kizazi baada ya kizazi, ukali ulipungua na mazoea yakazidi. Mbuzi na kondoo walifugwa yapata miaka 10,000 iliyopita, ilhali mbwa amekuwa na wanadamu kwa zaidi ya miaka 14,000. Yeye ndiye mnyama wa kwanza kufugwa.

Mwaka 1914, huko Oberkassel karibu na mji wa Bonn, Ujerumani, wachimba mawe walifukua kaburi la kale la mwanamume na mwanamke, na pamoja nao mifupa ya mbwa. Umri wa kaburi hilo ni kama miaka 14,000. Mwaka 2018 wachunguzi walieleza kwamba meno ya mbwa yule yalionyesha alama za maradhi mazito. Alikufa akiwa na miezi kama saba, baada ya kuugua kwa muda wa wiki nyingi. Mbwa mgonjwa namna ile hawindi wala halindi, na asingeliishi muda huo lau hakupewa maji, chakula na joto. Watu wale walimuuguza bila ya kutaraji faida yoyote kwake.

Kadhalika huko Ain Mallaha, kaskazini ya Palestina, lilipatikana kaburi la miaka kama 12,000 ambamo mtu mzima amelazwa na mkono wake umewekwa juu ya kitoto cha mbwa. Na katika majabali ya Jubbah na Shuwaymis, kaskazini-magharibi ya Bara Arabu, kuna michoro ya kale ya wawindaji na mbwa wao, wengine wamefungwa kamba.

Ilipokuja dini yetu haikumsahau mnyama huyu. Qur'ani imetaja mbwa wa Watu wa Pangoni, na ikahalalisha windo la mbwa aliyefunzwa. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliruhusu mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba. Tena akasimulia khabari ya mtu aliyemnywesha mbwa mwenye kiu, Mwenyezi Mungu akamsamehe.

Ama hukumu ya najisi tunaijua sote katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi: chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Hiyo ni hukumu ya chombo na nguo. Hakuna jiwe katika hesabu hiyo.

Nyie wazazi, mfundisheni mtoto kujitwahirisha, na mfundisheni pia kuhurumia. Ni aibu wawindaji wasio na kitabu wamuuguze mbwa mgonjwa, na mtoto aliyehifadhi juzuu ampige mawe.

Wallahu aalam.