Kazi ya Kuuzuia Wino

Kisa kinachopendwa kusimuliwa kuhusu printa za wino ni cha Ichiro Endo, mtafiti wa kampuni ya Canon nchini Japani. Mwaka 1977 chuma cha kulehemu chenye moto kiligusa sindano ya bomba lililokuwa na wino, wino ukaruka nje. Hapo ndipo Canon ilipopata wazo la kuupasha wino moto hadi utoe kiputo, na kiputo hicho kisukume tone. Kisa ni kitamu, ila kinaeleza sehemu iliyo nyepesi. Tone huruka kwa sehemu ndogo mno ya sekunde. Muda wote uliobaki wino umekaa nyuma ya tundu jembamba kuliko unywele, na mbunifu ana kazi ya kuuzuia usidondoke, usikauke wala usivute hewa. Ukiitazama kwa jicho la fundi, historia ya printa hizi ni ya mipira, vifuniko na vifutio.

Nayo ni kongwe kuliko printa zenyewe. Mwaka 1867 William Thomson, aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, alipata hataza ya kifaa cha kunakili ishara za telegrafu zilizopita kwenye nyaya za chini ya bahari. Ishara hizo zilikuwa dhaifu kiasi kwamba kalamu ikigusa karatasi tu, msuguano unatosha kuikwamisha. Thomson akatumia mrija mwembamba wa kioo, ncha moja imezama kwenye kikombe cha wino, nyingine inaning'inia juu ya utepe wa karatasi bila kuugusa. Wembamba wa mrija uliushikilia wino. Umeme tuli ndio uliouvuta utoke matone kwa matone. Zanzibar iliunganishwa na Aden kwa waya wa baharini mwaka 1879, enzi za Sayyid Barghash, na kifaa cha Thomson ndicho kilichokuwa kikitegemewa kwenye nyaya ndefu za wakati huo. Adui yake alikuwa unyevu. Hewa ikiwa na majimaji chaji ilivuja, na wino ukagoma kutoka. Hatimaye umeme tuli uliachwa, mrija ukawa unatikiswa ili uguse karatasi kwa vipindi vifupifupi. Kwa maoni yangu hayo ndiyo matengenezo ya kwanza makubwa katika historia hii, na hayakugusa kabisa ubora wa maandishi. Yalihusu wino kufika au kutofika.

Karne iliyofuata, Rune Elmqvist wa Sweden, aliyesomea udaktari na ambaye wengi humjua kwa kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo kilichopandikizwa mwilini mwaka 1958, alibuni mashine ya kuchora mawimbi ya moyo kwa mchirizi wa wino. Iliuzwa kwa jina la Mingograf. Mchirizi ulitoka kwa shinikizo kubwa bila kukatika, kwa hiyo hakuna aliyehangaika na kukauka kwa tundu wakati wa kazi. Hofu ilikuwa vumbi: punje moja tu ingeziba njia.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Richard Sweet wa Chuo Kikuu cha Stanford alikwenda mbali zaidi. Aliutikisa mchirizi ukatikekatike kuwa matone ya ukubwa sawa, akayapa matone hayo chaji, kisha akayapinda kwa umeme hadi pale alipotaka yatue. Yale yasiyohitajika yaliangukia kwenye kijifereji na kurudishwa kwenye tangi. Kampuni ya A.B. Dick iliuza mashine ya namna hiyo, Videojet, kuanzia mwaka 1968. Hapa mambo ya mabomba yalichukua nafasi ya kwanza. Wino unaozunguka hewani hupoteza kimiminika chake na kuwa mzito, hurudi na vumbi, hurudi na viputo. Mashine ikahitaji chujio, kipimo cha uzito wa wino, na tangi la pili la kimiminika cha kuuzimua. Familia hii ya mashine haijafa. Tarehe za mwisho wa matumizi kwenye chupa za soda na pakiti za maziwa huchapwa hivyo, na mafundi wa viwandani huushughulikia zaidi mfumo wa wino kuliko kichwa chenyewe.

Ofisini na nyumbani hakuna aliyetaka mtambo wa kuzungusha wino. Kampuni ya HP ilitoa jibu la kijasiri mwaka 1984: printa ya ThinkJet, ya dola 495, ambayo kichwa chake chenye vitundu 12 kilikuwa sehemu ya katriji. Wino ukiisha unatupa vyote viwili. Kifuko cha mpira ndani ya katriji kilijaribu kurudia umbo lake, na kwa kufanya hivyo kiliuvuta wino kinyumenyume kidogo, usidondoke. Mvuto huo wa nyuma ndio siri ya mifumo yote ya aina hii. Ukizidi, tundu hunyonya hewa na kunyamaza. Ukipungua, wino hulia kwenye karatasi.

Baada ya kifuko cha mpira likaja sponji, ambalo huushika wino kwa vijitundu vyake, lakini hubaki na wino mwingi ambao mteja ameulipia na hataupata kamwe. Canon ikagawa tangi: nusu sponji, nusu wino huru uliofungwa pasipo hewa. Ni ujanja uleule wa chombo cha kunyweshea kuku kilichopinduliwa: hewa huingia tu pale kimiminika kinapotoka. Ninaukubali ubunifu huu kuliko mingine yote, kwa kuwa haukuhitaji hata kipande kimoja chenye mwendo.

Epson ilishika njia tofauti. Kichwa chake, kilichoanza kusifika na Stylus 800 ya mwaka 1993, husukuma wino kwa kijibamba kinachojipinda kikipitishiwa umeme. Wino hauchemshwi, hivyo hakuna mabaki ya kuungua juu ya kipashio, na kichwa hudumu miaka. Lakini kitu kisichotupwa sharti kitunzwe. Pembeni mwa njia yake kuna kifuniko laini kinachoziba vitundu, kifutio cha mpira, na pampu ndogo inayonyonya wino kupitia vitundu hivyo kuvizibua. Ndiyo maana printa huzimwa kwa kitufe chake, si kwa kung'oa plagi. Kitufe huipa nafasi ya kurudisha kichwa kwenye kifuniko. Umeme ukikatika katikati ya kazi, kichwa hubaki wazi, na mwenye duka la steshenari aliyezoea mgao wa umeme anajua gharama yake.

Wino ulionyonywa huenda kwenye pedi iliyo chini ya printa. Kompyuta ya ndani huhesabu, na hesabu ikitimia mashine hugoma, hata kama siku hiyo inachapa vizuri. Mafundi wengi huifuta hesabu kwa programu, pedi ile ile iliyolowa ikaachwa humo, na baada ya miezi wino huonekana mezani. Matoleo mapya kadhaa yamewekewa kisanduku kinachobadilishwa, jambo ambalo lingeweza kufanywa mapema zaidi.

Mageuzi makubwa ya ugavi wa wino hayakuanzia maabara. Wateja wa Asia, waliochoshwa na bei ya katriji, walitoboa mashine zao na kuziunganisha kwa mipira na matangi ya nje. Epson iliusoma ujumbe, na Oktoba 2010 ikatoa Indonesia printa yake ya kwanza yenye tangi kubwa la kujazwa kwa chupa. Ndugu zake wa mfululizo wa L ndio walioenea katika steshenari na studio za picha za pasipoti za Afrika Mashariki. Tangi limewekwa chini ya usawa wa kichwa kwa makusudi, maana tofauti hiyo ya kimo ndiyo inayouvuta wino nyuma. Mwenye tangi la kujiundia akiliinua juu ya vitabu ili lionekane vizuri, kichwa huanza kudondosha. Akiibeba printa kwa bodaboda ikiwa imelazwa ubavu, hukuta rangi zimechanganyikana.

Viwandani, wazo la kuuzungusha wino limerudi. Kichwa cha Xaar 1001, kilichotoka mwaka 2007 na kubadilisha uchapaji wa vigae, hupitisha wino nyuma ya vitundu bila kusimama, ili rangi nzito isitulie na viputo visombwe. Printa nyingi za mezani bado hazina mfumo huo. Pampu na njia ya pili ya kurudishia wino huongeza gharama, kwa hiyo vitundu vyake huendelea kuzibuliwa kwa kunyonywa upande wa mbele, na wino wa kusafishia kumwagwa kwenye pedi.