Machozi, Jasho na Damu (2001): Mafanikio ya Albamu katika Soko la Kaseti

Mwaka 2001 Joseph Haule, maarufu kwa jina la Professor Jay, alitoa albamu ya Machozi, Jasho na Damu, baada ya kuvuma na kundi la Hard Blasters. Mafanikio yake yalikuwa na misingi miwili. Kwanza, Sheria ya Huduma za Utangazaji ya 1993 ilizaa redio binafsi zilizoupa nafasi muziki wa vijana. Pili, wimbo “Ndio Mzee”, unaomkejeli mwanasiasa mwenye ahadi zisizotekelezeka, uliwavutia hata wazee walioiona rap kuwa uhuni.

Hata hivyo, soko lilishikwa na wasambazaji wa Dar es Salaam, ambao kwa kawaida waliwalipa wasanii kwa mkupuo. Katika miji midogo kama Utete, wilayani Rufiji, kaseti moja iliweza kunakiliwa mara nyingi, huku Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 ikiwa bado changa. Kwa hiyo, umaarufu wa albamu si kipimo cha kipato cha msanii. Faida iliyodumu ilikuwa heshima: mwaka 2015, mkejeli huyo wa wanasiasa alichaguliwa kuwa mbunge wa Mikumi.