Wenye Timu: Historia ya Besiboli ya Wamarekani Weusi, 1887–1948

Tarehe 14 Julai 1887 timu ya Chicago iliwasili mjini Newark, jimbo la New Jersey, kucheza mechi ya kirafiki. Newark walikuwa na mrushaji hodari, George Stovey, na mdakaji Fleetwood Walker, wote wawili Weusi. Nahodha wa Chicago, Cap Anson, mchezaji aliyevuma kuliko karibu wote Marekani nzima wakati ule, hakutaka timu yake iingie uwanjani na mtu Mweusi. Stovey hakurusha mpira siku hiyo. Na siku hiyohiyo, mjini Buffalo, wenye timu za ligi waliyochezea Newark walikaa kikao wakapiga kura kwamba mchezaji Mweusi asipewe tena mkataba mpya. Katika ligi kuu zenyewe hapakuandikwa kitu. Yalikuwa mapatano ya mdomo, nayo yana nguvu ya ajabu, kwa kuwa hakuna karatasi ya kupeleka mahakamani. Yalidumu karibu miaka 60.

Ndani ya miaka hiyo walizuka watu waliojenga besiboli nyingine, yenye ligi zake, marefa wake, magazeti yake na nyota wake. Habari zao husimuliwa haraka haraka, kama dibaji ya kumfikia Jackie Robinson, mchezaji Mweusi ambaye kwake mapatano hayo yalivunjika. Hawastahili hivyo. Wachezaji wao wanasifiwa siku hizi, na ni haki yao; lakini mchezaji hachezi hewani. Kuna aliyekodi uwanja, aliyelipia nauli ya treni, aliyehesabu kiingilio usiku na kukuta hakitoshi mishahara. Hao ndio ninaowaandika hapa.

Mkubwa wao ni Andrew Foster, ambaye kila mtu alimwita Rube. Alizaliwa mwaka 1879 huko Calvert, Texas, akakua jitu la miraba minne, mrushaji mwenye mkono mzito na akili kali kuliko mkono. Mwaka 1907 alijiunga na timu ya Frank Leland mjini Chicago, na hakuridhika kucheza tu. Alijitwika kazi ya kupanga mechi, akakataa timu ilipwe kijisehemu cha kutupiwa, akadai mgao wa haki wa kiingilio. Mwaka 1911 aliingia ubia na mwenye baa Mzungu, John Schorling, wakaanzisha Chicago American Giants katika uwanja wa Mtaa wa 39 ambao White Sox, timu ya Weupe, walikuwa wameuhama. Mapato waligawana nusu kwa nusu.

Waliomwona akifundisha walisimulia habari za kiko chake. Foster alikaa benchi kiko mdomoni, na moshi ulikuwa ndiyo amri: pumzi za moshi zikitoka kwa namna fulani, mkimbiaji anajua aibe kituo au abaki. Mwaka 1921 timu yake ilikuwa nyuma 18–0 dhidi ya Indianapolis. Akawaamuru vijana wake waache kupiga kwa nguvu, waugusie mpira tu uanguke karibu, kisha watimue mbio. Mabeki wa Indianapolis wakawa wanainama, wanaokota, wanachelewa, tena na tena. Mechi ikaisha sare, 18–18.

Tarehe 13 Februari 1920 Foster aliwakutanisha wenye timu katika jengo la YMCA la Weusi mjini Kansas City. Katiba iliandikwa na waandishi wa magazeti pamoja na wakili Elisha Scott wa Topeka, ambaye wanawe wawili walikuja kuwa miongoni mwa mawakili wa kesi ya Brown, iliyovunja ubaguzi wa shule mwaka 1954. Kikao hicho kilizaa Ligi ya Taifa ya Weusi, timu nane kuanzia Chicago na Detroit hadi Dayton na St. Louis. Mechi ya kwanza ilichezwa Indianapolis tarehe 2 Mei, wenyeji wakawafunga Chicago Giants (si American Giants wa Foster) 4–2.

Foster alikuwa rais wa ligi bila mshahara, ila alichukua asilimia 5 ya mapato ya kila mechi. Watu walinung'unika, na hawakukosea kabisa: mtu mmoja ana timu, anaongoza ligi, anapanga ratiba na anaajiri marefa. Kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Lakini mtu huyohuyo aliwaachia Indianapolis mchezaji wake bora, Oscar Charleston, ili timu zikaribiane kwa uwezo, na timu ikikwama njiani bila nauli alitoa mfukoni mwake. Kwa maoni yangu hakuna mwenye timu wa ligi kuu za Weupe wa wakati huo aliyefanya kitu kama hicho kwa ajili ya wapinzani wake.

Mwaka 1923 Ed Bolden, karani wa posta na mwenye timu ya Hilldale, aliongoza wenzake wa pwani ya mashariki kuanzisha ligi yao, na mwaka uliofuata mabingwa wa pande mbili wakapambana kwa mara ya kwanza. Kansas City Monarchs wakaibuka washindi. Mwaka 1925 Foster alikutwa amezimia katika chumba alichopanga Indianapolis, gesi imevuja. Tangu hapo akili yake ilianza kuyumba, na mwaka 1926 alipelekwa hospitali ya magonjwa ya akili huko Kankakee. Hakutoka tena. Alifariki tarehe 9 Desemba 1930, na maelfu ya watu wa Chicago wakajipanga kumuaga. Ubia wake na Schorling ulikuwa wa kupeana mkono, bila maandishi, na mjane wake hakuambulia kitu. Mwaka uliofuata ligi nayo ikafa.

Katika miaka hiyo ya mdororo mkuu wa uchumi, J. L. Wilkinson wa Kansas City Monarchs aliamua kucheza usiku. Wilkinson alikuwa Mzungu mwenye timu katika ligi ya Foster, na wachezaji wake walimheshimu kwa sababu mishahara ilifika siku yake. Aliweka rehani mali yake akaagiza taa zilizofungwa juu ya milingoti iliyobebwa na malori. Malori yalizunguka uwanja, milingoti ikasimamishwa, jenereta likanguruma kiasi kwamba wachezaji walilazimika kupigiana kelele. Mwangaza haukuwa wa kuaminika, na mpira ukipaa juu ya taa ulipotelea gizani. Lakini mfanyakazi aliyemaliza kazi saa kumi na mbili jioni sasa aliweza kwenda kutazama mechi. Walianza Enid, Oklahoma, Aprili 1930. Ligi kuu za Weupe zilicheza mechi yao ya kwanza ya usiku Cincinnati tarehe 24 Mei 1935, miaka mitano baadaye, na vitabu vingi vikaandika kana kwamba taa zimevumbuliwa siku hiyo.

Aliyeifufua ligi ni Gus Greenlee wa Pittsburgh. Fedha zake zilitoka kwenye mchezo wa namba: mtu anaweka hata senti moja, anataja tarakimu tatu, zikitoka analipwa. Ulikuwa haramu kisheria. Ila katika mtaa wa Hill, ambako mfanyabiashara Mweusi aliomba mkopo benki akafukuzwa mlangoni, mfalme wa namba ndiye aliyekopesha watu, akalipa kodi za nyumba na ada za shule. Greenlee alikuwa na baa ya Crawford Grill na timu ya Pittsburgh Crawfords, na mwaka 1932 alifungua uwanja wake mwenyewe katika barabara ya Bedford, uliogharimu takriban dola 100,000. Ugonjwa wa timu karibu zote za Weusi ulikuwa ni kupanga viwanja vya Weupe, kulipa kodi kubwa na kuambiwa tarehe za kuja. Greenlee alitaka kuutibu kwenye mzizi. Timu yake ikawa na Satchel Paige, Josh Gibson, Oscar Charleston, Cool Papa Bell na Judy Johnson, wote watano leo wakiwa katika Jumba la Mashujaa la besiboli. Mwaka 1933 alianzisha ligi mpya kwa jina lilelile la Foster, na mwaka huohuo mechi ya nyota wa Mashariki na Magharibi katika uwanja wa Comiskey Park, Chicago, wachezaji wakichaguliwa kwa kura za wasomaji wa magazeti ya Weusi. Mwaka 1943 mechi hiyo ilitazamwa na watu zaidi ya 51,000.

Mkataba ndio uliomwangusha. Mwaka 1937 mawakala wa timu ya mji mkuu wa Jamhuri ya Dominika, mji ambao dikteta Trujillo alikuwa ameupa jina lake, walikuja na fedha taslimu. Paige akaondoka, na nyota wenzake wakamfuata. Greenlee hakuwa na mahakama ya kumsikiliza wala kamishna wa kumrudishia watu wake. Mwaka 1938 uwanja ulibomolewa, zikajengwa nyumba za serikali.

Sasa tufike Newark, na kwa Effa Manley, ambaye nampenda kuliko wote. Alizaliwa Philadelphia mwaka 1897. Mwaka 1934, huko Harlem, alikuwa miongoni mwa walioongoza mgomo dhidi ya duka la Blumstein, lililopokea fedha za Weusi kila siku lakini halikutaka kuwaajiri kama wauzaji. Duka likasalimu amri. Mumewe, Abe, alikuwa naye amepata utajiri wake kwenye namba. Mwaka 1935 walianzisha timu Brooklyn, mwaka uliofuata wakaihamishia Newark na kuiita Newark Eagles. Abe alisaka vipaji na kupanda basi na vijana; ofisi ilikuwa ya Effa. Yeye ndiye aliyeandika mikataba, kulipa mishahara, kupanga safari, kutangaza mechi na kugombana na wenye timu wanaume vikaoni kuhusu ratiba na uaminifu wa mahesabu. Mwaka 1939 waongoza watazamaji uwanjani kwake walivaa mishipi yenye maandishi ya kupinga mauaji ya Weusi yaliyofanywa na magenge ya Weupe, huku wakichangisha fedha. Mwaka 1946 Eagles, wakiwa na Larry Doby na Monte Irvin, waliwashinda Monarchs katika fainali ya mechi saba.

Lakini kabla ya fainali hiyo Branch Rickey alikuwa ameshapita. Rickey, mkuu wa Brooklyn Dodgers, ni mtu wa kusifiwa na mtu wa kulaumiwa kwa pamoja, na wanaomsimulia kwa upande mmoja tu wanampunja msomaji. Alivunja mapatano ya mdomo ya miaka 60, jambo ambalo hakuna mwenzake aliyethubutu. Agosti 1945 alimwita Jackie Robinson ofisini kwake Brooklyn, akampima moyo kwa kumtolea matusi atakayoyasikia viwanjani, na tarehe 23 Oktoba Robinson akasaini kuichezea Montreal, timu ya akiba ya Dodgers. Hayo yanajulikana. Kinachosahaulika ni kwamba Robinson alikuwa mchezaji wa Monarchs, akilipwa dola 400 kwa mwezi, na Monarchs hawakupata hata senti. Kisha Rickey akamchukua Roy Campanella kutoka Baltimore, na Don Newcombe kutoka kwa Effa Manley, vilevile bure. Hoja yake ilikuwa kwamba hizo hazikuwa ligi bali genge la wacheza namba, na mikataba yao haikuwa mikataba.

Rickey huyu ndiye aliyekuwa bingwa wa biashara ya wachezaji Marekani nzima. Alipokuwa St. Louis alijenga mtandao wa timu ndogo za kukuzia vijana, na mwaka 1938 klabu yake ilimuuza Dizzy Dean kwa Chicago Cubs kwa dola 185,000 pamoja na wachezaji watatu. Alijua vizuri kuliko mtu yeyote gharama ya kumlea mchezaji na haki ya aliyemlea.

Wenye timu Weusi walinaswa. Wangepinga, wangeambiwa wanawafungia vijana wao mlango uliokuwa umefungwa tangu 1887. Wilkinson alinyamaza. Manley hakunyamaza. Alimwandikia Rickey barua, hakujibiwa, akasema hadharani. Mwaka 1947 Bill Veeck wa Cleveland alipomtaka Doby, alipiga simu kwanza na kukubali kulipa. Bei ilikuwa dola 10,000, na 5,000 zaidi Doby akidumu. Manley alimweleza waziwazi kwamba kwa mchezaji Mweupe wa kiwango kile angetoa mara nyingi zaidi, kisha akakubali, maana hakutaka kumzuia kijana. Rickey alipomnyemelea Monte Irvin, Manley alimwendea kwa wakili. Rickey akamwacha Irvin, na New York Giants wakalipa dola 5,000. Kiasi kidogo, lakini kuanzia hapo ilieleweka kwamba mkataba wa timu ya Weusi ni mkataba.

Kwa Eagles wenyewe muda ulikuwa umekwisha. Watazamaji walipungua kutoka takriban 120,000 mwaka 1946 hadi takriban 57,000 mwaka 1947, kwa kuwa mashabiki wa Newark walivuka kwenda Brooklyn kumtazama Robinson, ambaye sasa aliichezea Dodgers yenyewe. Mwaka 1948 timu iliuzwa, na ligi ya Greenlee ikavunjika.

Foster aliingia Jumba la Mashujaa huko Cooperstown mwaka 1981. Mwaka 2006 kamati maalumu ilichagua watu 17 wa besiboli ya Weusi kwa mkupuo mmoja, wakiwemo Wilkinson na Effa Manley, mwanamke wa kwanza kuingia humo. Desemba 2020 ligi saba za Weusi zilitambuliwa kuwa ligi kuu, na mwaka 2024 takwimu zao zikaunganishwa na za wengine, Josh Gibson akampita Ty Cobb, nyota wa ligi za Weupe, kwa wastani wa kupiga mpira.

Gus Greenlee hayumo. Wako wanaosema ni kwa sababu ya namba. Lakini katika wale 17 wa mwaka 2006 yumo Alex Pompez, mwenye timu ya New York Cubans, ambaye alikuwa mfalme wa namba wa Harlem na alishtakiwa kwa hilo mwaka 1937. Ikiwa Pompez alipimwa kwa alichoifanyia besiboli, basi aliyejenga uwanja, akafufua ligi iliyokufa na kuanzisha mechi ya Mashariki na Magharibi apimwe kwa mizani hiyohiyo, na kamati inayochuja majina ya zama zile ilirudishe jina lake mezani.