Kitanda cha Kufumia Mahameli
Karakana ya Bevilacqua, Venice, Italia

Kitanda hiki cha mfumi, yaani mtambo wa mbao wa kufumia nguo kwa mkono, ni kimojawapo cha vitanda 18 vya karne ya 18 vilivyotumiwa na wafumaji wa hariri wa Jamhuri ya Venice, ambavyo Luigi Bevilacqua alivirudisha kazini alipofungua karakana yake mwaka 1875. Mashine ya Jacquard iliyofungwa juu yake hufuata kadi zilizotobolewa matundu, nazo huamua ni nyuzi zipi za mtande, yaani nyuzi za urefu, zinyanyuliwe kila mshindio, yaani uzi wa upana, unapopita.

Hapa hufumwa soprarizzo, mahameli ya thamani kubwa ambayo vitanzi vyake vya hariri huundwa juu ya vijiti vyembamba vya chuma, kisha baadhi huachwa vizima na vingine hukatwa kwa wembe, hata ua likasimama kwa vimo viwili na uzi wa rangi moja ukaonekana kuwa na rangi mbili. Mfumaji stadi humaliza takriban sentimita 30 tu kwa siku.

Familia ya Bevilacqua, ambayo ingali inaiendesha karakana, imehifadhi pia michoro ipatayo 3,500, na huvitunza vitanda hivi kwa kuvitumia, kwa kuwa ufumaji huu hujifunzwa mtamboni.