Taa za Krismasi zinazoendeshwa na kompyuta: namna ya kuitunza umeme unapokatika

Desemba inapokaribia, nyaya za taa za kumetameta huanza kuonekana madukani, Njombe mjini na Makambako. Kiboksi kidogo kilicho kwenye waya, chenye kitufe cha kubadili mtindo wa kuwaka, ndani yake kina chipu. Nayo ni kompyuta ndogo inayojua kazi moja tu.

Anayetaka zaidi ya hapo, kwa mfano taa za barazani zifuate mdundo wa muziki na kujiwasha zenyewe jioni, anahitaji kompyuta yenye uwezo wa kupangiwa kazi. Wengi duniani hutumia Raspberry Pi, kompyuta inayoenea kiganjani, pamoja na programu ya bure iitwayo Falcon Player. Makala haya yanaeleza namna ya kuitunza katika mazingira yetu.

Umeme ukikatika ghafla

Kompyuta hii kwa kawaida huhifadhi kila kitu kwenye memori kadi kama ile ya simu. Umeme ukikatika wakati inaandika kwenye kadi, mafaili yanaweza kuharibika, na ukirudi kompyuta isiwake tena. Makambako ndiko inakoanzia njia ya umeme ya kilovolti 220 inayokwenda Songea kupitia Madaba, lakini kuishi karibu na kituo kikubwa si kinga: tawi likiangukia waya wa mtaani, nyumba inabaki gizani.

Fanya mambo matatu. Kwanza, usichomoe waya kompyuta ikiwa inafanya kazi. Izime kwanza kupitia programu yake. Pili, nakili kadi nzima kwenye kadi nyingine, uiweke mbali na kompyuta. Ya kwanza ikifa, unabadilisha kwa dakika chache. Tatu, ukimudu, tumia UPS ndogo. Hata ikidumu dakika kumi, inakupa muda wa kuizima vizuri.

Saa ya kompyuta na saa yetu

Taa zikiwaka saa tisa alasiri, usikimbilie kumlaumu fundi. Raspberry Pi za matoleo ya kabla ya la 5 hazina saa ya ndani inayoendelea kutembea umeme ukikatika. Husahihisha saa kupitia intaneti. Bila intaneti, kompyuta ikiwaka tena huendelea na saa iliyokumbuka mwisho. Dawa yake ni kipande kidogo cha saa chenye betri, kinachochomekwa kwenye kompyuta.

Kosa jingine ni la majira. Kompyuta ikiachwa kwenye saa za London, nawe ukaiandikia 19:30 ukimaanisha saa 1 na nusu usiku, taa zitawaka saa 4 na nusu, watoto wakiwa wamelala. Chagua majira ya Dar es Salaam. Desemba jua huzama Njombe karibu saa 1 jioni, hivyo kuwasha kabla ya hapo ni kupoteza uniti.

Uniti za LUKU

Taa moja ya aina ya pikseli ya volti 5 inaweza kula hadi wati 0.3 ikiwaka nyeupe kwa nguvu zote. Taa 200 ni wati 60. Ongeza wati 5 za kompyuta. Kwa saa 4 kila usiku, ni uniti 0.26, yaani karibu uniti 8 kwa siku 30. Ukipunguza mwanga hadi theluthi, matumizi ya taa nayo hushuka kwa kiasi hicho hicho, na kwenye giza la usiku bado zitapendeza.

Mvua na radi

Krismasi yetu huangukia katikati ya masika ya nyanda za juu. Kompyuta na adapta zikae ndani, mahali pakavu penye hewa. Kinachotoka nje kiwe waya wa volti ndogo, volti 5 au 12, na taa zilizotengenezwa kwa matumizi ya nje. Waya wa volti 230 wenye kiungo kilichofungwa kwa selotepu usipite kabisa kwenye ukuta uliolowa wala kwenye mti ambao watoto wanaushika. Hapo taa za furaha zinaweza kuleta msiba. Kazi ya volti 230 mwachie fundi umeme.

Dalili za radi zikianza, zima kompyuta, kisha chomoa plagi pamoja na nyaya zinazotoka nje. Kuzima swichi pekee hakutoshi. Radi ikishakuwa juu yenu, usishike nyaya hizo.

Redio ya jirani

Hili linatugusa sisi na wewe msikilizaji. Adapta za bei rahisi zinaweza kutoa kelele zinazoharibu usikivu wa redio. Jipime: washa redio ya betri karibu na taa, kisha uzime taa. Mkwaruzo ukikoma, badilisha adapta.

Katika baadhi ya nchi, wenye maonyesho ya taa hurusha muziki wao kwa kirusha matangazo kidogo cha FM ili wapita njia wausikilize garini. Hapa kwetu masafa yanasimamiwa na TCRA chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, na kurusha matangazo bila leseni ni kosa. Tumia spika, kwa sauti ambayo jirani ataivumilia.

Kabla ya kuondoka nyumbani

Badilisha nywila iliyokuja na programu, maana kila mwenye programu hiyo anaijua. Mwonyeshe mtu mmoja wa nyumbani namna ya kuzima kila kitu. Ukiona moshi au kunusa harufu ya plastiki inayoungua, zima umeme kwenye meni swichi, watoe watu nje, na upige 114, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Usimwage maji kwenye kifaa chenye umeme.

Sikukuu zikiisha, izime kompyuta kwa utaratibu, nakili kadi upya, kisha andika kwenye kila waya ulikuwa unakwenda wapi. Desemba ijayo hutaanza upya.